Mjumbe Niliyemweka Mwenyewe

Mama anayetuletea chai ndiye aliyegundua kwamba tovuti ya ofisi ni nzima. Alitumia simu yenye kioo kilichopasuka, huku chupa ya chai kaibana kwapani. Mimi, fundi ninayelipwa kwa kazi hiyo, nilikuwa chini ya meza nachomoa na kuchomeka nyaya za swichi ya mtandao, vumbi mpaka kwenye kope.

Ilikuwa mwaka 2016, ofisi ya wakala wa forodha hapa Dar, kompyuta 14. Nilimshawishi bosi tuweke seva, yaani kompyuta kuu ya kuhudumia nyingine, Windows Server 2012 R2, ili watu waache kukimbizana na flashi. Ukitaka seva iwe mkuu wa mtandao wa ndani, lazima uwe na DNS na uupe mtandao jina. DNS ni kama mjumbe wa nyumba kumi: kompyuta inamuuliza fulani anakaa wapi, yeye anajibu kwa namba. Asiyemjua anamuulizia kwa wajumbe wa mbele. Lakini ukimkabidhi mtaa na kumwambia huu ni wako, haulizi tena kwa mtu. Asiyekuwepo kwenye daftari lake, hajazaliwa.

Jumamosi ile nilikuwa peke yangu, hakuna wa kunishika mkono. Seva ilipouliza jina la domeni, yaani la huo mtandao wa ndani, nikaona nionyeshe uzalendo: nikaandika jina lilelile la tovuti yetu, herufi kwa herufi. Ningetanguliza tu neno “ndani” na nukta, leo nisingekuwa na cha kuwasimulia. Nikaweka na IIS, programu ya Windows ya kuendeshea tovuti, kwa sababu kisanduku chake kilikuwepo na mkono ulikuwa mwepesi.

Jumatatu bosi akaja na mteja mwenye makontena, wa kubembelezwa. “Ngoja nikuonyeshe tovuti yetu.” Akaandika jina, akabonyeza. Ikafunguka rangi ya bluu tupu, imejaa vibao vya kukaribisha wageni kwa Kifaransa, Kijapani na lugha nyingine za watu.

“We kijana! Tumevamiwa!”

Wenzangu wakajaribu kwa kuweka www mbele. Kwao hata hiyo bluu haikuja: haipatikani kabisa. Mhasibu akasema ni Wajapani. Dereva akasema ni kazi ya yule jamaa aliyeachishwa Desemba. Mimi nikapiga simu kwa watu wa intaneti, nikafoka. Dada wa huduma kwa wateja akanisikiliza mpaka pumzi ikaniishia, kisha kwa upole kabisa: “Kaka, nimeifungua hapa. Hata picha ya kontena jekundu naiona.” Nikamwambia hajui kazi.

Ndipo mama chai akauliza kwa nini mtoto wa watu yuko sakafuni. Akaambiwa. Akaandika jina kwa kidole kimoja. “Mbona kwangu inafunguka, mwanangu?”

Ofisi nzima ikanigeukia. Simu yake ilikuwa kwenye bando lake, haimjui mjumbe wangu. Kompyuta za ofisi zilimuuliza yeye: kwa jina tupu akazielekeza kwenye seva yangu, kwenye ule ukurasa wa bluu wa IIS; www haikuwemo kwenye daftari lake.

Aibu ikaniharakisha. Nikaenda kwenye kompyuta ya bosi, nikafuta namba ya seva kwenye sehemu ya DNS, nikaweka 8.8.8.8, mjumbe wa Google. Tovuti hiyo! Kontena jekundu! Mteja akatikisa kichwa kukubali, nikasifiwa mbele za watu.

Kesho yake asubuhi bosi akawasha kompyuta, ikazunguka mpaka chai ikapoa. Ilipomruhusu kuingia, folda ya ankara haifunguki. Nilikuwa nimemtuma akaulize Google mahali lilipo kabati la faili la ofisini kwetu. Google ataijulia wapi?

Nikarudisha namba ya seva. Kisha nikafungua lile daftari la mjumbe na kuandika nilichopaswa kuandika Jumamosi: www, na namba ya kule tovuti inakokaa hasa. Kisha ipconfig /flushdns, amri ya kusahaulisha majibu ya zamani, kwenye kila kompyuta, maana zilishakariri kwamba hakuna kitu kama hicho. Dakika kumi na tano, kazi kwisha.

Isipokuwa bosi. Bosi haandiki www, hajawahi, na hakuna wa kumwanzishia somo hilo. Jina tupu lisilo na www ni la seva yenyewe, huwezi kumpokonya. Ikabidi niiambie ile IIS niliyoiweka bila sababu kwamba kila anayegonga hapo asukumwe kwenye www. Kwa hiyo nikamwambia bosi niliiweka kwa makusudi.

Sijui kama aliamini. Ninachojua ni kwamba siku hizi mtandao ukisuasua haniiti mimi kwanza. Anainama dirishani: “Mama chai! Hebu jaribu kwako!” Na kila mwisho wa mwezi kwenye vocha ya matumizi madogo kuna mstari unaosema bando la mama chai, shilingi 2,000. Anayesaini kwamba huduma imepokelewa ni mimi.