Historia ya Lubumbashi ianzie jikoni

Mtu akitaka kusoma kitabu kimoja tu juu ya mji wetu, mimi humpa kile cha maboyi, yaani watumishi wa nyumbani wa Wazungu. Kinaitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville, Elisabethville likiwa jina la zamani la Lubumbashi. Jina ni la Kifaransa, lakini ndani ni Kiswahili chetu cha Katanga, kile kinachosemwa katika mitaa yetu ya Kenya na Katuba. Kiliandikwa mwaka 1965 na André Yav kwa niaba ya chama cha watu waliowahi kufanya kazi majumbani mwa Wazungu.

Vitabu vingine vipo, vingi kwa Kifaransa, na sivibezi. Humo nimejifunza kwamba reli kutoka Rhodesia ilifika mwaka 1910, mwaka uleule Wabelgiji walipouanzisha mji na kuupa jina la malkia wao Elisabeth. Mwaka 1911 shaba ikaanza kuyeyushwa pale penye dohani na terili, kile kilima cha mabaki ya kuyeyusha. Ila mara nyingi mfanyakazi anatajwa kwa hesabu tu: walioajiriwa wangapi, posho kiasi gani.

Yav anautazama mji kutoka jikoni. Boyi alisikia mezani mambo ambayo bwana wake hakudhani anayaelewa, kisha jioni akarudi sité, ng'ambo ya ule ukanda mtupu ulioachwa makusudi kutenganisha mtaa wa Wazungu na mitaa ya Waafrika. Nani angeufahamu mji kuliko yeye?

Si kitabu chepesi. Kinaandika maneno jinsi yanavyotoka mdomoni, mengine yameungana, mengine yamekatwa katikati. Mtaalamu Johannes Fabian, aliyekitoa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1990, alihitaji msaada wa Kalundi Mango, mwenyeji wa lugha hii, akisome kwa sauti ndipo maana ikae sawa. Jambo hilo linanigusa sana. Historia yetu ilimngoja mtu wa kuitamka.

Ndiyo maana nasema mwongozo wa Lubumbashi tunaouhitaji uandikwe kwa Kiswahili, na uanzie Kamalondo, mtaa wa zamani wa Waafrika, si posta ya katikati ya mji. Upite kambi za Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa Wabelgiji. Utaje Desemba 1941, wafanyakazi walipogoma kudai mshahara, wakapigwa risasi na askari kwenye uwanja wa mpira, Léonard Mpoyi akiwa miongoni mwa waliouawa. Mtoto anayecheza mpira leo katika mji huu ana haki ya kujua hilo kabla ya kukariri majina ya magavana. Tena wataalamu hatukosi: Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi amekusanya kwa miaka mingi kumbukumbu za wafanyakazi na familia zao. Kinachopungua ni kuzirudisha kwao katika lugha waliyozisimulia.

Maandishi ya Yav yanapatikana kwenye intaneti. Jumapili moja nilimsomea kutoka kwenye simu yangu Papa mmoja jirani yetu Katuba, mstaafu wa Gécamines, kampuni iliyorithi migodi ya Union Minière. Niliposhindwa na neno alinikatiza: "Hapana, mwanangu, rudilia polepole." Nikarudia, yeye akalitamka vizuri, kisha akaniambia ni nyumba ipi baba yake alikuwa akipika, na njia aliyopita kwa miguu kila alfajiri. Njia hiyo haimo katika ramani yoyote niliyo nayo. Nimeiandika kwenye daftari, na Jumapili ijayo tutaitembea pamoja.