Tochi ya funguo ipimwe kwa mwanga wake mdogo

Maandishi makubwa kuliko yote kwenye pakiti ya tochi ya funguo huwa ni ya lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga: 400, 500, mara nyingine zaidi. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo namba ya kuangalia mwisho. Tochi ya ukubwa wa kidole gumba ni ya kutafutia tundu la kitasa, kuchungulia chini ya kiti cha gari, kushukia ngazi umeme ukikatika. Kazi hizo lumeni 5 zinazimaliza, na kwenye kitasa hata 1 inatosha.

Piga hesabu uone. Betri ya lithiamu ya mAh 130 yenye volti 3.7 ina karibu nusu wati-saa tu. LED nzuri pamoja na saketi yake hutoa kama lumeni 100 kwa kila wati. Ukiiwasha kwa lumeni 400 inakula wati 4, yaani dakika 7 betri imekwisha. Kwa lumeni 5 betri hiyohiyo inakupeleka zaidi ya saa 9. Na hizo dakika 7 huzipati zote kwa nguvu moja, kwa sababu bodi ndogo hivyo haina pa kupeleka joto. Baada ya dakika moja hivi saketi inapunguza mwanga yenyewe ili LED isiungue. Pakiti bado itaandika muda mrefu, na si uongo: kipimo cha FL1, kanuni ya kupimia tochi, kinahesabu mpaka mwanga ubaki asilimia 10 ya ule uliopimwa sekunde ya 30. Tochi iliyofifia zamani bado inahesabiwa inawaka.

Kwa hiyo kabla ya kununua, bonyeza mara moja uone inaanzia wapi. Ikianza na mwanga mkali, irudishe. Macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza vizuri, na mmweko mmoja wa lumeni 400 ukigonga karatasi nyeupe mkononi mwako unayarudisha mwanzo. Tochi iliyotengenezwa kwa akili huanzia chini, na kufika juu unaamua mwenyewe.

Jambo la pili ni tundu la chaji, na hapa ndipo watu wengi wanadhani wameuziwa tochi mbovu. Ina tundu la USB-C, unachomeka kebo yenye C pande zote mbili, kimya. Betri haina kosa. Mtengenezaji hakuweka rezista mbili (vipande vidogo vya kuzuia umeme) za ohmu 5,100 ambazo chaja ya C huzitafuta ndipo itoe umeme. Isipoziona, haitoi kitu. Tumia kebo yenye kichwa kipana cha USB-A upande wa chaja, kwa kuwa huko volti 5 ziko tayari muda wote, na itachaji. Ni uzembe wa kuokoa senti chache, na mimi nisingeinunua tochi ya namna hiyo, lakini kama unayo tayari usiitupe.

Kama kebo haiingii mpaka mwisho, mulika ndani ya tundu. Mara nyingi utaona manyoya ya nguo na vumbi la mfukoni vimeshindiliwa na kebo yenyewe, vimekuwa kama kizibo. Zima tochi, chokonoa taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao kando ya ulimi wa katikati. Sindano usiiguse, itaunganisha pini.

Swichi nayo lazima iwe na kufuli, mara nyingi mbonyezo mrefu au mibonyezo kadhaa ya haraka. Bila hiyo, funguo zitaibonyeza mfukoni, na utaigundua kwa joto pajani au kwa betri tupu.

Chaji kila mwezi hata kama hujaitumia, maana saketi inanyonya kidogo kidogo hata ikiwa imezimwa, na betri ya lithiamu iliyoachwa tupu miezi mingi huenda isiamke tena. Bodi ya plastiki ikianza kutuna, acha kuichaji.

Na wakati wa kuchaji, laza shada zima la funguo mezani. Zikining'inia kwenye kebo, uzito wote unavuta tundu, na risasi ya kulehemu inayolishikilia kwenye saketi inaachia. Bora zaidi ni tochi yenye kibanio cha kuchomoa, ichajiwe peke yake.