Protector: sitaha tupu ndiyo iliyoipa umri

Waulize wapenzi wa manowari za Vita Vikuu vya Pili, watakutajia Hood, watakutajia Bismarck. HMS Protector, meli ya jeshi la majini la Uingereza, hawaitaji. Kwangu mimi, hiyo ndiyo iliyoishi maisha ya maana kuliko hizo zote, na sababu si ushujaa. Ilikuwa na nafasi ya kutosha juu ya sitaha.

Ilishushwa majini Agosti 1936 kutoka karakana ya Yarrow huko Scotstoun, Glasgow. Kazi yake ilikuwa kuwahi kwenye ghuba isiyo na ulinzi na kutega nyavu za chuma, ili meli zitakazotia nanga humo zisifikiwe na nyambizi wala topido, yaani makombora yaendayo chini ya maji. Wavu wa namna hiyo ni mzigo: waya nene, maboya ya kuubeba, nanga za kuushika chini, na vyote hivyo vipangwe sawasawa ili vishuke bila kujisokota. Ndiyo maana ilipewa sitaha pana na mwendo wa noti 20 (maili 20 za baharini kwa saa). Mizinga mikubwa ilipewa miwili tu.

Kwamba ghuba zilihitaji ulinzi, Scapa Flow, ghuba ya Uskoti iliyokuwa kituo cha manowari za Uingereza, ilionyesha: Oktoba 1939 nyambizi ya Kijerumani U-47 ilipenya ikaizamisha manowari Royal Oak, watu zaidi ya 800 wakafa. Lakini wavu una mlango, na mlango hufunguliwa. Alexandria, bandari ya Misri, Desemba 1941, wapiga mbizi wa Kiitaliano walisubiri lango lifunguliwe kwa meli za Waingereza, wakaingia nazo wakiwa wamepanda topido zao, wakazilemaza manowari Queen Elizabeth na Valiant. Wavu wenyewe ulikuwa mzima kabisa!

Protector ilikwenda Norway mwaka 1940, kisha Mediterania. Huko jeshi la Uingereza lililopigana jangwani Afrika Kaskazini lilihitaji kila chombo cha kubebea, na nani angeiacha sitaha kama ile ikae kungoja nyavu? Ikabebeshwa askari na vifaa kama lori. Wapo watakaosema huko ni kuiharibu meli ya kazi maalumu. Sikubaliani nao hata kidogo. Tarehe 10 Agosti 1941, karibu na Port Said, Misri, ilipigwa topido kutoka kwenye ndege. Haikuzama; ilikokotwa, na matengenezo yake huko Bombay yakala miaka.

Baada ya vita, nyavu zilipungua thamani, nafasi haikupungua. Mwaka 1955 ilijengewa banda la helikopta na kiwanja cha kutua, ikatumwa kwenye barafu za Antaktika na visiwa vya Falkland. Mwaka 1962 iliona mawe mepesi ya volkano yakielea baharini, mlipuko ukiwa umetokea chini ya maji kaskazini ya kisiwa cha Zavodovski, katika visiwa vya South Sandwich. Mahali hapo leo panaitwa Protector Shoal.

Vanguard, ya mwisho kati ya manowari kubwa za mizinga za Uingereza, ilianza kazi 1946 na kupelekwa kukatwa vyuma chakavu 1960. Protector ilistaafu 1968, ikakatwa Inverkeithing, Uskoti, mwaka 1970.