Mwalimu wa Berlin anapewa Lindi kwenye bahasha, mwalimu wa Lindi anapewa nini?

Wiki iliyopita mwanangu karudi shule, hapa Berlin tunapoishi, na karatasi ya zoezi, naiangalia naona ramani, na kwenye ramani wameandika Lindi. Lindi kabisa, na kamstari kametoka bara mpaka bandarini kuonyesha njia waliyopita wapagazi na mifupa ya dinosaria, wale mijusi wakubwa wa kale, vichwani, kutoka kilima cha Tendaguru walikochimba Wajerumani. Darasa lao lilikuwa linajiandaa kwenda kumwona yule mjusi wetu pale makumbusho, yule mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, na maswali yenyewe hayakuwa ya kitoto: nani alichimba kati ya 1909 na 1913, nani alilipwa, kwanini majina ya mabosi yanajulikana na ya wachimbaji hayajulikani, na je mifupa ibaki au irudi. Mtoto wa darasa la tano huyo.

Nilifurahi sana, nisidanganye. Mtu wa Kusini ukikaa huku ukaona jina la kwenu limechapwa vizuri kwenye karatasi ya shule unajisikia mkubwa. Lakini jioni hiyo hiyo nikampigia binamu yangu, anafundisha historia sekondari huko huko Lindi, nikamuuliza we darasani kwako ukifika Tendaguru unatumia nini? Akasema anatumia anachokumbuka kwenye taarifa ya habari, wabunge walipokuwa wanabishana kuhusu kurudisha mjusi. Basi. Nikamtajia Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji, ambaye mwaka 2007 wanasayansi walimpa mjusi mmoja wa Tendaguru jina lake, Australodocus bohetii. Binamu yangu ana shahada ya historia, anaishi safari ya siku moja tu kutoka kilima chenyewe, na jina hilo ndo kwanza analisikia kwangu, kwenye simu, kutoka Ujerumani.

Hili ndo linaloniuma na nataka niliseme lote.

Najua tayari kuna mtu anaandika komenti, "umeshaanza, ukikaa Ulaya kidogo unaona kwenu takataka". Ndugu yangu, sijasema Wajerumani wana akili kuliko sisi. Walimu wao nimewaona, ni watu wa kawaida, wengine wamechoka kama walimu wetu. Tofauti ni kwamba mwalimu wa huku haachwi peke yake na dunia. Nilimuuliza mwalimu wa mwanangu kwenye kikao cha wazazi hii karatasi umetunga mwenyewe? Akacheka, akasema alienda semina ya siku moja akarudi na bahasha, mna picha, ramani, maswali, na kurasa za mwalimu peke yake zinazomwambia mwanafunzi akiuliza hivi wewe anzia hapa. Na zaidi ya hapo ipo taasisi ya serikali ya elimu ya uraia, wanaiita bpb, ipo tangu 1952, kazi yake kutengeneza vitu vya namna hiyo na kuwapa watu bure au kwa hela ndogo. Urusi ilivyoingia Ukraine Februari 2022 walimu hawakubaki kuhangaika na YouTube, walikuwa na pa kukimbilia.

Na kuna kitu kimoja nimekipenda kuliko hayo makaratasi yote. Mwaka 1976 wataalamu wao walikaa kwenye mji mdogo unaitwa Beutelsbach wakakubaliana namna ya kufundisha siasa na mambo ya dunia, na mpaka leo mwalimu anafundishwa hivyo: usimlazimishe mwanafunzi afuate msimamo wako, jambo ambalo watu wanabishana nje libishaniwe na darasani, na mwanafunzi ajifunze kupima hali yake na maslahi yake kwenye jambo hilo. Sasa hii inamlinda mwalimu. Mzazi akija juu, mkuu wa shule akiuliza, mwalimu ana pa kusimamia. Kwetu mwalimu anakwepa mada moto kwasababu akiteleza hamna wa kumtetea, na kila mtu anamwelewa.

Halafu angalia ni mada zipi tunazozikwepa, yaani sisi ndo dunia imetupitia mlangoni. Oktoba 2020 wapiganaji kutoka Msumbiji wanavamia Kitaya, kijiji chetu cha mpakani. Machi 2021 wanavamia mji wa Palma upande wa Msumbiji, watu wanakimbia, wengine wanavuka Ruvuma, Julai mwaka huo SADC inapeleka jeshi na vijana wetu wamo. Mtoto wa Nanyamba aliyesikia yale kwa masikio yake alirudi darasani kesho yake akakuta ratiba inaendelea kama kawaida. Nani alimweleza Cabo Delgado, jimbo hilo la Msumbiji, kuna nini? Wenye gesi ni kina nani, wanaopigana ni kina nani, kwanini watu wanaoongea Kimakonde kama bibi yake wako upande wa pili wa mto na matatizo yale? Alielezwa na kijiwe, na sauti za WhatsApp, na kijiwe kina mambo yake. Mtaalamu wa Ulaya anasoma Cabo Delgado chuo kikuu, mtoto anayeiona ng'ambo anaambiwa nyamaza soma.

Korosho hiyo hiyo. Mtoto wa Tandahimba anajua salfa ya kupulizia mikorosho, anajua kangomba, ule ununuzi wa magendo, anajua mnada wa leo umefungwa bei gani kabla mwalimu hajajua. 2018 aliyaona malori ya jeshi yanabeba korosho kwa shilingi 3,300 kilo. Muulize kwanini bei imeshuka atakwambia wanunuzi wamegoma, basi, hapo ndo mwisho wa somo. Mimi nikienda dukani hapa nageuza paketi ya korosho nyuma imeandikwa Vietnam, maana ghafi nyingi ya kwetu inaenda India na Vietnam, inabanguliwa huko, ndo inakuja Ulaya na Marekani. Hilo ni somo la jiografia, hesabu, uraia na biashara kwa pamoja, na vifaa vya kufundishia viko kwenye gunia nyuma ya nyumba.

Kuna atakayesema mwalimu hana nyumba, madarasa hayatoshi, wewe unaleta habari za dunia. Mimi nimesoma huko, nimekaa chini, hamna wa kunisimulia. Lakini kwanini hoja hii inatoka tu tukidai watoto wetu waelewe mambo? Dawati lidaiwe, na hili lidaiwe. Na sijaomba projekta wala intaneti ya kasi. Karatasi kumi za maana, zilizopigwa fotokopi, zilizoandikwa na walimu wetu wenyewe kwa Kiswahili na Kiingereza, na kurasa mbili za kumwelekeza mwalimu namna ya kuendesha mjadala bila kuumia.

Mafunzo nayo msiniambie hamna hela ya semina. MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ipo, walimu wanakutana shuleni kwao kujadili mada wanazoziona ngumu, mpango wa serikali huo na mimi nausifu. Kinachokosekana ni cha kuweka mezani wakishakaa. Walimu wa Newala wakikaa Ijumaa wakawa na kurasa za korosho, wiki inayofuata za Ruvuma, wiki nyingine Nachingwea, kambi ya Frelimo, wapigania uhuru wa Msumbiji, na ule mradi wa karanga wa Mwingereza wa 1947, hao watafundisha vizuri kuliko huyu wa Berlin, maana huyu anafundisha kitu alichokisoma na wale wanafundisha kitu kinachowahusu, na wazee walioviona vingine bado wapo vijijini wanaweza kuitwa darasani.

Na hela ya kuchapa ipo, tusidanganyane. Halmashauri ya Mtwara vijijini inapata ushuru wa huduma kwenye gesi ya Mnazi Bay. Kilwa wana gesi ya Songo Songo. Ya 2013 mnayajua, watu wa Mtwara walipopinga bomba la gesi kwenda Dar, tuliambiana gesi itasomesha watoto. Basi madiwani wa hizo halmashauri mbili kwenye bajeti inayokuja waweke fungu la kuchapa tu, waite walimu wa historia, jiografia na uraia wakae likizo moja waandike, na shule za sekondari za wilaya hizo mbili zipate kwanza.