Miaka Mitatu ya Tony Benn Mlangoni

Juzi nilimsikia mtu akisema Tony Benn, yule mwanasiasa wa Uingereza, alikuwa mtoto wa wakubwa tu, na kwamba kukitupa cheo chake cha kurithi hakukumgharimu kitu. Nililala na hasira.

Benn alikuwa mbunge wa jimbo la Bristol South East tangu 1950. Novemba 1960 baba yake, Viscount Stansgate, akafariki, na papo hapo sheria ikamfanya mwana kuwa lodi, yaani mwenye cheo cha kurithi. Lodi hakuruhusiwa kukaa katika bunge la waliochaguliwa. Mrithi angekuwa kaka yake Michael, lakini alifariki 1944 akiwa rubani wa jeshi la anga. Kwa hiyo msiba mmoja ulimpa cheo asichokitaka na kumnyang'anya kazi aliyoipenda.

Mei 1961 ukaitishwa uchaguzi mdogo. Benn akagombea, na wapiga kura walijua fika kwamba sheria inamkataza. Wakamchagua kwa tofauti ya kura zaidi ya 13,000! Alipofika bungeni, bawabu akamzuia mlangoni. Kisha mahakama ya uchaguzi ikampa kiti Malcolm St Clair, mtu yuleyule aliyeshindwa. Jiweke katika nafasi ya mfanyakazi wa Bristol aliyetoka kazini amechoka, akapanga foleni, akapiga kura, halafu anaambiwa kura yake si kitu kwa sababu ya baba wa mgombea. Aliyedhulumiwa hapo ni yeye kuliko hata Benn. Ndiyo maana sivumilii kusikia jambo hili likiitwa mchezo wa tajiri.

Benn hakunyamaza. Sheria ikabadilishwa tarehe 31 Julai 1963, na jioni ileile akawa wa kwanza kukivua cheo. St Clair naye, sina budi kumpa haki yake, alijiuzulu ili kumpisha. Agosti 20 watu wa Bristol wakamrudisha mbunge wao.

Mali alikuwa nayo, sikatai. Na mwaka 1981, alipowania unaibu kiongozi wa chama cha Labour na kushindwa kwa chini ya asilimia moja, alikiachia chama majeraha.

Linaloniuma zaidi ni hili: sheria ile ilikivua cheo kwa uhai wa mtu mmoja tu. Benn alipofariki Machi 2014, cheo kikamshukia mwanawe mkubwa, Stephen. Mwaka 2021 Stephen akaingia katika Bunge la Malodi.