Marehemu niliyemfufua Sinza

Kabla hamjamwamini yule rafiki yangu aliyesambaza voisi noti ya dakika nne: sikulia. Ilikuwa pilipili ya kachumbari. Mengine yote ni kweli, ngoja niyaseme mwenyewe.

Juzi Jumamosi, Sinza, kikundi chetu cha kusoma riwaya za Kiingereza. Tuko tisa, akiwemo mwalimu mstaafu ambaye wote tunamwita Madam. Wakaanza kumsikitikia mjane wa kwenye riwaya. Nikacheka. Mjane gani, na mumewe yu hai? Nikaweka dau kabisa: nikikosea, chipsi mayai za wote juu yangu. (Mnaonijua, semeni kama nimewahi kunyamaza kwa jambo nisilolijua.)

Nikafungua ukurasa. "Had he not drowned, he would have been forty that night." Nikawaelewesha taratibu, kama nafundisha chekechea: waandishi hawa wanapindua maneno kwa mbwembwe tu. Yarudishe mahali pake: "he had not drowned". Hajazama! Na usiku ule anatimiza arobaini.

Kimya. Feni inalia kwi, kwi, kwi. Madam akavaa miwani. Akakivuta kitabu polepole, akaweka ukucha wenye hina juu ya koma, akauacha pale pale.

"Baba, hii kwako ni nukta?"

Nikainama. Koma. Jasho likaanza kunitoka mgongoni.

"Hiyo 'had' imeruka mbele, imekalia kiti cha 'if'. Sisi tunaitia -ngali- ndani ya kitenzi: asingalizama, angalitimiza arobaini. 'Were' na 'should' nazo zina mchezo huo huo. Huyu amekufa, baba."

Ndipo ikaniingia. Kurasa tisini zote zilizofuata, mama wa watu anapakua sahani mbili, anaongea na kiti, mimi namlaani mume: dume gani jeuri hivi, salamu tu haitikii!

Na nilishayaandika kwenye grupu. Jumatano. Nilishauri apewe talaka yake. Wenzangu walidhani natania.

Basi. Nikalipa, nikabakiwa na nauli ya daladala, nikaaga.

Jana niko kwenye kivuko cha Kigamboni, simu ikalia. Madam, kwenye grupu: "Umevuka salama, baba, au tuongee na kiti?"