Ukifika Ureno, usipitie Kiingereza

Nyumbani, mwenye Kiingereza kizuri anasikilizwa haraka ofisini na kwenye usaili wa kazi. Ndiyo maana wengi wetu tukifika Ureno tunatafsiri kila neno kutoka Kiingereza. Naona njia hiyo inachelewesha, na mahali pengine ni hatari.

Inasaidia kiasi, sikatai. Maneno yanayoishia na -tion huwa -ção (information, informação), ya -ty huwa -dade (university, universidade). Hayo yashike mapema. Shida ni yanayofanana sura tu. Mlangoni pameandikwa puxe, hutamkwa "pushe". Aliyezoea Kiingereza anasukuma, kumbe maana yake ni vuta. Sukuma ni empurre.

Kwenye duka la dawa ndiko kubaya zaidi. Aliyefunga choo akichukua "constipated" na kusema estou constipado, atapewa dawa ya mafua, kwa sababu hicho ndicho alichokisema. Aseme tenho prisão de ventre. Na anayetaka kujua kama chakula kina kemikali ya kukihifadhi asiulize preservativo, hiyo ni kondomu. Neno ni conservante.

Programu za kutafsiri nazo mara nyingi hutoa Kireno cha Brazili. Zitakupa ônibus (basi), trem (treni) na celular (simu ya mkononi), wakati Lisboa watu wanasema autocarro, comboio na telemóvel. Propina Ureno ni ada ya chuo. Brazili ni rushwa! Chagua Kireno cha Ureno kwenye mipangilio, kisha hakiki neno katika kamusi ya Priberam. Liandike daftarini pamoja na o au a yake, yaani kineno kinachoonyesha kama nomino ni ya kiume (o) au ya kike (a): a chave (ufunguo), o problema (tatizo). Ukiliandika peke yake, kivumishi nacho kitakosea kwa sababu hufuata jinsia hiyo, na sisi tuliokua na ngeli hatuna sababu ya kushangaa.

Kiswahili chenyewe kina akiba: meza, bendera, parafujo, foronya, yote yana asili ya Kireno. Ila mengine yamehama maana. Gereza linatokana na igreja, yaani kanisa. Copo ni glasi, na kopo la nyanya ni lata. Kingine ni matamshi: Wareno humeza irabu zisizo na mkazo, telefone ikasikika kama "tlfon". Kwa hiyo kila neno jipya lisikilize kwanza kwa sauti ya Mreno, ndipo uliandike.